Tiketi Mbili za Kurudi

Tegeta, Dar es Salaam
Jumapili, 11 Mei 2025

Dada Flavi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umzima na baridi ya huko juu haijakubana sana magoti. Barua hii kesho nitampelekea Adelard wa lori pale sokoni Tandale akishamaliza kushusha kabichi zenu, maana simu najua wewe na masikio yako mmeshagombana nayo.

Nina habari, na usicheke. Nataka kuja kukutembelea. Siku tatu tu, nilale kwako, niuone huo mlima wa Mgeta ulionisimulia tangu sijaota meno.

Aliyelianzisha ni binti yangu Rabab. Alikuwa anapekua albamu ya harusi yangu, akakuona umesimama nyuma yangu na sinia la manjano. Akauliza, "Mama, huyu nani?" Nikamwambia huyo ndiye aliyenilea tangu nina mwaka mmoja mpaka siku naolewa. Akasema, "Sasa mbona hujawahi kwenda kwake?" Nikajibu barabara ni mbaya. Huyo mtoto alinicheka! Akafungua simu yake akanionyesha treni ya umeme, saa mbili hivi na uko Morogoro. Basi kisingizio changu cha miaka ishirini na nne kikafia hapo hapo, mbele ya albamu.

Mume wangu Abuzar anataka nikodi gari na dereva. Nimekataa. Nataka kuja kama ulivyokuwa ukienda wewe likizo, treni kisha basi, na kibegi mapajani. Nimepanga Jumamosi ya tarehe 31 mwezi huu. Sasa nielekeze. Nikishuka Morogoro nipande nini? Nakaa upande gani wa basi? Nije na blanketi? Chakula usihangaike, mie nitakula utakachokula.

Na nina neno la kukwambia. Hilo tutalizungumza tukishakaa.

Mwanao,
Rosha


Mgeta, Morogoro
Ijumaa, 16 Mei 2025

Rosha mwanangu,

Marahaba. Magoti yamebanwa, ahsante kwa kuuliza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza bila miwani, kwa furaha, nikadhani unasema unahamia huku. Sasa sikiliza, na usiseme "nimeelewa" kabla hujamaliza kusoma, maana tabia yako naijua.

Stesheni fika mapema, na kitambulisho mkononi. Mjukuu wangu anasema wakishafunga geti hata ulie hawafungui. Ukishuka Morogoro madereva wa bajaji watakuvamia. Usiwaonyeshe uso wa mgeni. Sema, "Nipeleke panapopakia magari ya Mgeta," halafu nyamaza. Wakitaka kukupeleka Msamvu kataa, huko ni kwa wanaokwenda mikoa mingine. Basi letu halina saa, linaondoka likijaa, kwa hiyo kula kitu. Kaa mbele, mbali na upande wa korongo. Wewe ulipiga kelele kwenye bembea ya shuleni mpaka mwalimu akaniita, sembuse korongo la Mgeta. Weka tangawizi mdomoni mkishapita Mzumbe, hapo ndipo kupanda kunapoanza.

Mkishapanda sana utaona kona yenye msalaba wa zege. Yale ni makaburi yetu, na mama yangu amelala pale. Usishuke hapo. Endelea mpaka dukani kwa Ferdinand, ndiko kituo chetu, na mie nitakuwa nimekaa kwenye benchi lake tangu asubuhi namsumbua.

Ukipita kwenye msalaba mwombee mama. Na hapa kuna jambo, nakwambia kabla hujaja ili usile chakula changu ukidhani sina neno moyoni. Unajua kwamba mama alizikwa bila mie. Katika ukoo wetu binti mkubwa ndiye anayemwogesha mama yake, na mie ndiye mkubwa. Alfonsi, mtoto wa kaka yangu, alishuka mjini siku ile ile mama alipofariki, Jumatatu, akapiga simu nyumbani kwenu, mwanamke akapokea, akasema sawa, atanifikishia. Hakunifikishia. Nilijua ni mama yako, Bi Kaneez, kwa ajili ya harusi yako. Ndiyo maana niliondoka sikurudi tena. Na alipofariki yeye, mwaka 2019, nilikuandikia kwamba naumwa siwezi kuja kuzika. Sikuwa naumwa, Rosha. Nilikuwa nalima karoti.

Nimemsamehe. Kila Jumatatu nikienda kanisani namtaja kwa jina, mpaka padri ameuliza huyu Kaneez ni wa jumuiya gani. Wewe hilo halikuhusu kabisa. Wewe ndiye uliyewaacha wageni wa harusi sebuleni ukanifuata jikoni kuniambia. Peke yako katika nyumba nzima. Sitasahau.

Blanketi usibebe, ninayo. Lete tende.

Dada yako,
Flavi


Tegeta
Jumanne, 20 Mei 2025
(Haikutumwa)

Dada Flavi,

Simu ile niliipokea mie.

Mama alikuwa ametoka, amekwenda Kariakoo kuchagua vitambaa. Wewe ulikuwa uani unachambua mchele. Nilidhani ni fundi wa gauni. Alfonsi akasema, "Mwambie shangazi, bibi amefariki. Mwambie hatuziki, tunamsubiri yeye aje amwogeshe." Laini ilikuwa mbovu, akarudia yote mara ya pili. Nikasema, "Sawa, nitamwambia." Nikaweka simu chini.

Nilikusudia kukwambia. Nilikwenda mpaka mlango wa uani, nikakuona umekaa kwenye kigoda chako, na nikasimama pale nikaanza kuhesabu siku. Harusi ni Jumamosi. Jumatatu inayofuata ni Muharram, na sie Mashia hatuoi mpaka tutoke msiba wa Karbala, miezi miwili na siku nane. Ukiondoka leo hutaiwahi harusi. Basi ama niolewe bila wewe, ama harusi isubiri zaidi ya miezi miwili. Nikajiambia kesho.

Kesho yake ulinisugua manjano na liwa mikononi na miguuni, ukiimba ule wimbo wa mama yako wa kutwanga. Nilikuwa najua kwamba wakati ule ule wako kule juu wanakusubiri. Nilikuomba uurudie.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, Dada. Sikuwa mtoto.

Jumatatu ya pili, harusi imeshapita, ndipo nilipokufuata jikoni, nikasema simu imeingia asubuhi hiyo. Ulinishika kichwa ukanibariki.

Siwezi kupita kwenye ule msalaba.


Tegeta
Ijumaa, 23 Mei 2025

Dada Flavi mpendwa,

Shikamoo. Ahsante kwa maelekezo, nimecheka peke yangu kwa lile la bembea.

Kwa bahati mbaya safari ya tarehe 31 imeingia mdudu. Rabab ana mitihani, Abuzar ana wageni, kisha Idi, na kabla hatujapumua itakuwa Muharram. Naona tuisogeze mpaka Septemba. Treni haikimbii.

Namtuma Adelard na tende na chai ya viungo.

Mwanao,
Rosha


Mgeta
Jumatatu, 2 Juni 2025

Rosha,

Tende nimezipata, ni nzuri, lakini sikuagiza tende zipande mlima peke yake.

Masikio yangu yamestaafu, pua bado. Nilikaa nyumbani kwenu miaka ishirini na sita, kalenda yenu naijua kuliko hata ya kwetu. Muharram ni mwisho wa mwezi huu. Na huyo Rabab uliniambia mwaka jana kwamba amemaliza chuo. Anafanya mitihani ya nini? Ulipokuwa mdogo ukivunja sahani ulikuwa unaniletea pipi. Sasa najiuliza umevunja nini.

Nikafikiri labda ni choo. Basi ujue kwamba fundi amekuja na nimejengewa choo cha kukaa, na Alfonsi amekwenda kukijaribu akatoka anasema sasa anajiona waziri. Nikafikiri labda ni chakula. Nimenunua sufuria mbili mpya na mwiko mpya, havijagusa nyama ya nguruwe wala havitagusa, na Mfaume wa jirani, Mwislamu mwenzio, amekubali kuja kuchinja kuku. Maziwa ni ya mbuzi wangu mwenyewe. Chumba nimekipaka chokaa.

Halafu jana kanisani likanijia. Ni lile nililolisema la mama yako. Mtu hapendi kusikia mzazi wake aliyelala akisemwa, hata kama ni kweli. Nilikuwa mzee nisiye na adabu kukuandikia vile. Nisamehe, mwanangu. Sitalitaja tena. Njoo tu.

Flavi


Tegeta
Jumapili, 6 Julai 2025

Dada Flavi,

Shikamoo.

Leo ni Ashura. Nimetoka majlisini sasa hivi na sijavua hata baibui. Msomaji alisimulia jinsi wale wanawake wa Karbala walivyoondolewa kwa nguvu, wakawaacha wafu wao mchangani hawajazikwa, hawakuruhusiwa hata kuwagusa. Nimelisikia kila mwaka tangu unanibeba mgongoni kunipeleka. Leo nimeshindwa kukaa. Watu walikuwa wanalia kila upande na mie nililia kuliko wote, wifi yangu akanishika mkono akasema Mungu akupe thawabu. Nikautoa mkono wangu.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine. Niliiandika tarehe 20 Mei nikaificha kabatini chini ya shuka. Isome sasa hivi kabla hujaendelea na hii.

Kama umeisoma, umeshajua. Sitaongeza maneno ya kuipamba. Nitaongeza mawili ambayo hayamo.

La kwanza ni la mama. Mama hakujua kitu. Nilipokwambia jikoni yeye naye ndiyo alikuwa anasikia mara ya kwanza, na alilia, sijui kama unakumbuka, ukadhani analia kwa unafiki. Mwaka 2019, wiki zake za mwisho, kila mlango ukigongwa alikuwa anauliza, "Flavi huyo?" Nikawa namjibu barabara ni mbaya, mvua. Siku moja akasema, "Amenikasirikia. Nimemfanya nini?" Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilimpa maji. Kwa hiyo wewe umemsamehe kila Jumatatu mtu asiyekukosea, na mie nilikuwa najua tangu Mei kwamba unafanya hivyo, nikakutumia tende.

La pili ni hili. Sie tunalia miezi miwili na siku nane kila mwaka kwa msiba wa miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu. Tunafunga maduka. Hatuvai rangi. Tunajua msiba ni nini. Na tulikunyima siku moja ya wa kwako. Nasema tulikunyima, tazama, hata sasa najificha katikati ya watu. Nilikunyima mie.

Usiniombe msamaha tena, tafadhali. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilikwenda kukaa bafuni nikafungulia maji ili Abuzar asisikie.

Sijui kama bado unataka nije. Tiketi sijakata.

Roshanara


Tegeta
Jumapili, 10 Agosti 2025

Dada Flavi,

Shikamoo.

Adelard anaapa kwamba alikukabidhi mkononi, na kwamba uliisomea pale pale kwenye benchi la Ferdinand, ukaikunja, ukaondoka bila kumuaga. Tangu hapo ameshuka Tandale mara tano. Kila mara nakwenda. Jana hakusubiri nimuulize, alinitikisia kichwa tangu yuko juu ya kabichi.

Sidai jibu. Nataka tu kujua kama unaumwa.

Roshanara


Mgeta
Jumapili, 24 Agosti 2025

Roshanara,

Siumwi.

Barua zako zote tatu nimezipata. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza kalamu ilikuwa inaandika matusi, na wewe sikukulea kwa matusi. Nimechana karatasi nyingi za mjukuu wangu, sasa ananidai daftari.

Alfonsi nimemwambia. Alikaa chini kwenye tuta. Akasema sauti ile alijua ni ya msichana, lakini niliporudi kutoka Dar nikawa nasema Bi Kaneez, Bi Kaneez, akaona nani yeye wa kunibishia. Walimsubirisha mama siku mbili. Wakamwogesha wake za kaka zangu, na si kwamba walifanya vibaya. Nilitaka tu nimfanyie mie. Nilijua kidonda chake cha mguuni kilipo, wao hawakujua. Hilo ndilo ninaloliwaza, kama walimshika taratibu pale.

Na ule wimbo uliniomba niurudie. Nakumbuka. Nilifurahi siku ile kwamba umeupenda.

Nimekumbuka vilevile kwamba kusoma ulinifundisha wewe. Ulikuwa unarudi shuleni unachora herufi kwa chaki kwenye sakafu ya jikoni, una miaka saba, ukinichapa vidole kwa mwiko nikikosea. Bila wewe nisingeisoma barua yako. Sijui hapo nikushukuru au nikulaani, nimeliacha.

Sasa sikiliza, na maliza kusoma. Nimehesabu, mnatoka msibani mwanzo wa Septemba. Njoo Jumamosi ya tarehe 13. Treni ni ile ile, bajaji ni ile ile, basi ni lile lile. Ukifika kwenye kona ya msalaba mwambie kondakta asimamishe. Shuka hapo. Kwa Ferdinand usifike. Mie na Alfonsi tutakuwa tumekusubiri. Utamwambia mama yangu kama ulivyoniandikia, kuanzia simu ilipolia, na useme kwa sauti ili na mie nisikie. Usije na zawadi yoyote.

Baada ya hapo kama nitaweza kukuingiza ndani, utalala kwangu. Choo kipo, chumba kipo. Kama sitaweza, utalala parokiani kwa masista. Nimeshaongea nao, wamesema kitanda kipo. Mfaume bado hajaniuliza habari ya kuku na mie sijamwambia kitu.

Kurudi ni Jumanne. Kata tiketi mbili. Nashuka na wewe Dar. Sijakusamehe, usije ukajidanganya, na sijui ni lini. Lakini Bi Kaneez alikuwa anauliza mlangoni mie nalima karoti, na kosa hakuwa nalo. Hilo haliwezi kukaa kusubiri mpaka nimalizane na wewe. Utanipeleka makaburini kwenu, utanionyesha lake ni lipi, halafu utakaa pembeni. Nikimaliza nitarudi kwetu mwenyewe, njia naijua.

Tiketi yangu iwe ya dirishani. Njiani sitakuwa na la kuzungumza na wewe, nataka niwe na pa kutazama.

Flaviana